Bambo na Gunia: Kukadiria na Kulinganisha Wastani kwa Sampuli katika Utafiti wa Lugha wa Nachingwea na Ruangwa



Tangu ile ya mwaka 1967, sensa za Tanzania hazijamwuliza mwananchi kabila lake. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa, na kwa maoni yangu ulikuwa na hekima yake katika nchi iliyokuwa ikijenga umoja. Hata hivyo, ulimwachia mwanaisimu mzigo ambao hakuwa amejiandaa kuubeba. Sensa ya mwaka 2022 inatueleza kuwa Wilaya ya Nachingwea ilikuwa na watu 233,655 na Wilaya ya Ruangwa watu 185,573. Haitwelezi ni wangapi kati yao wanaozungumza Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua, wanazungumza na nani, wala Kiswahili kimepenya kwa kiasi gani ndani ya mazungumzo hayo. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Atlasi yake mwaka 2009 ulilazimika kukadiria wazungumzaji wa kila lugha kwa njia nyingine, kwa kuwa katika sensa hapakuwa na pa kuwapata.

Basi tuseme mtafiti kijana amerudi kutoka kusini na anadai kwamba Kimwera kinamezwa na Kiswahili haraka zaidi Nachingwea kuliko Ruangwa. Ana jedwali lenye wastani mbili, moja ya kila wilaya, na zinatofautiana. Je, tumwamini? Swali hili si la kupitishia muda semina. Fedha za kurekodi lugha zetu ni chache, na zikielekezwa upande mmoja upande wa pili utasubiri. Wazee wanaozungumza Kimwera cha zamani hawana muda wa kusubiri.

Mhadhara huu unaeleza ni kwa masharti gani wastani ya watu wachache inaweza kusema jambo la kweli juu ya wastani ya watu wengi, na ni wakati gani tofauti ya wastani mbili ni tofauti kweli.

Maneno kwanza

Mwanaisimu haanzi hesabu kabla ya kukagua istilahi. "Takwimu" tumeipata katika Kiarabu, ambako hutumika kwa maana ya kalenda. "Wastani" nayo imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kati. Hayo hayana matatizo. Tatizo lipo katika istilahi ya kundi lile kubwa ambalo sampuli huchotwa kwalo. Tasnifu nyingi huliita "idadi ya watu", kwa kufuata neno la Kiingereza bila ya kulitazama. Lakini kundi hilo si lazima liwe la watu, na wala si idadi. Linaweza kuwa magunia yote ya ghala moja, vitenzi vyote vya gazeti moja, au masimulizi yote ambayo yangeweza kusimuliwa katika kijiji kimoja. Mimi nitaliita kundi zima. Wastani ya kundi zima ni kitu kimoja, kimetulia mahali pake, ila hatukioni. Wastani ya sampuli tunaiona, ila haikutulia: ukichota sampuli nyingine kesho utapata wastani nyingine. Anayechanganya hivi viwili hawezi kuokolewa na kompyuta.

Kiswahili kina neno zuri ambalo wanatakwimu wetu wamelisahau. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho mnunuzi wa nafaka huchoma nacho gunia, akatoa punje chache kiganjani bila ya kulifungua. Mwenye bambo anajua mambo mawili ambayo vitabu huyafundisha kwa kurasa nyingi. Anajua kwanza kwamba gunia likichomwa juu peke yake litasema uongo, maana muuzaji mjanja huweka punje safi juu. Anajua pia kwamba gunia kubwa halihitaji bambo kubwa. Hili la pili huwashangaza wanafunzi kila mwaka. Nachingwea ina watu wengi kuliko Ruangwa, lakini hiyo si sababu ya kuchukua sampuli kubwa zaidi Nachingwea. Sampuli ikiwa ni sehemu ndogo tu ya kundi zima, uthabiti wa kadirio hutegemea ukubwa wa sampuli yenyewe na jinsi watu wanavyotofautiana, si ukubwa wa kundi. Kanuni za aina ya "chukua asilimia kumi ya watu" hazina msingi, ijapokuwa nimezikuta katika miongozo kadhaa ya utafiti.

Wakulima wa huko hawahitaji kufundishwa kwamba sampuli ni jambo zito. Wilaya hizi mbili, pamoja na Liwale, zimeunganishwa katika chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI, na korosho zao huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani. Kabla ya mnada sampuli hutolewa, korosho hukatwa, kiini hupimwa, na daraja hutamkwa. Konzi chache za korosho huamua bei ya tani nyingi. Pale ghalani hakuna anayeuliza kwa nini tubishane juu ya namna ya kuchota.

Karanga

Nachingwea ina mfano wake wa kihistoria, nao ni wa gharama kubwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na Kati. Ujumbe ulizunguka kwa muda wa majuma tisa hivi, na sehemu kubwa ya ardhi uliitazama kutoka angani. Ulirudi na mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000, yaani jumla ya ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Katika Tanganyika maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikasukumwa kuelekea Nachingwea. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekwisha, na serikali ya Uingereza ikafuta takriban pauni milioni 36. Reli nayo haikuvuka miaka ya 1960.

Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, na sitaki kuzibana zote katika takwimu. Mashine zilikuwa chakavu, usimamizi mbovu, na haraka ya kisiasa iliziba masikio. Lakini kuna makosa mawili ambayo ni yetu sisi wenye kushughulika na wastani. Kwanza, mahali palipotazamwa hapakuwakilisha mahali palipolimwa. Udongo wa Kongwa uliokuwa ukikauka na kuwa mgumu kama sakafu haukuonekana kutoka kwenye ndege. Pili, mvua ilifikiriwa kwa wastani yake. Karanga hazinyeshewi na wastani. Zinanyeshewa na mvua ya mwaka huu, na mahali ambapo mwaka mmoja hufurika na mwingine hukauka panaweza kuwa na wastani nzuri sana katika kitabu. Wastani isiyoandamana na mtawanyiko wake ni nusu ya habari, na kwa mkulima ni ile nusu isiyomfaa.

Mpango ule ulikufa, lakini uliacha jambo linalomhusu mwanaisimu moja kwa moja. Ulikusanya vibarua na mafundi wa lugha nyingi Nachingwea, na lugha ya kazi ikawa Kiswahili. Baadaye, katika miaka ya 1960 hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa Nachingwea. Kisha vijiji vya ujamaa vikawahamisha watu na kuwachanganya. Ruangwa, iliyokuja kuwa wilaya yake yenyewe mwaka 1995, ina historia iliyo tofauti kidogo, ingawa sasa machimbo ya Namungo na madini ya kinywe yanaingiza wageni huko pia. Gunia la Nachingwea, kwa hiyo, halikujazwa kwa punje za shamba moja. Lina tabaka: mji, vijiji vilivyokuwa kando ya mashamba ya karanga, vijiji vya mbali. Anayechoma bambo mjini peke yake atapima historia ya vibarua na kuiita hali ya Kimwera.

Hesabu yenyewe

Tumrudie mtafiti wetu. Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa ajili ya hesabu tu. Amewaomba wazungumzaji 36 Nachingwea na 36 Ruangwa wasimulie kwa Kimwera kisa cha msimu uliopita, akahesabu maneno ya Kiswahili katika kila maneno 100. (Kwamba neno fulani ni la Kiswahili au ni la Kimwera si swali rahisi, kwa sababu lugha zote mbili ni za Kibantu na zinachangia mizizi mingi. Kanuni ya kuamua iandikwe kabla ya kuhesabu, na wahesabuji wawe wawili wasioonana.) Nachingwea amepata wastani ya maneno 28, Ruangwa 22. Katika kila wilaya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi wasimulizi wanavyotawanyika kuizunguka wastani yao, ni 12.

Hatua ya kwanza ni kuuliza wastani ya sampuli yenyewe ingeyumba kiasi gani kama angerudia kazi ile kwa wasimulizi wengine 36. Jibu hupatikana kwa kugawa mkengeuko sanifu kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wasimulizi: 12 kwa 6, yaani 2. Kipimo hiki wanatakwimu wetu hukiita kosa sanifu. Silipendi jina hili, maana hapa hakuna aliyekosea. Ni mtikisiko wa kawaida wa kila kinachochotwa. Lakini limeshaota mizizi. Ukienda takriban makosa sanifu mawili kila upande unapata masafa ambayo, kwa njia inayofanikiwa mara 95 kati ya 100, hunasa wastani ya kundi zima. Nachingwea basi ni kati ya 24 na 32, na Ruangwa kati ya 18 na 26.

Hapa ndipo wengi hutumbukia. Wanaona kwamba masafa hayo yanapandana, kuanzia 24 hadi 26, nao wanahitimisha kwamba hakuna tofauti. Hitimisho hilo si sahihi. Swali ni juu ya tofauti, kwa hiyo masafa yanayotakiwa ni ya tofauti yenyewe. Tofauti ni 6. Kosa sanifu lake halipatikani kwa kujumlisha 2 na 2, kwa sababu sampuli mbili zilizochotwa mbali mbali haziyumbi upande mmoja kwa wakati mmoja kila mara. Tunajumlisha vipeo vyao vya pili, 4 na 4, kisha tunatafuta kipeuo cha pili cha 8, ambacho ni 2.8 hivi. Masafa ya tofauti yanaanzia kama 0.3 na kufika kama 11.7. Sifuri haimo. Mtafiti ana haki ya kusema kwamba Nachingwea huchanganya zaidi, lakini hana haki ya kusema kwamba huchanganya zaidi kwa maneno 6. Huenda ni chini ya neno moja, huenda ni 11.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Wasimulizi wawe wametawanyika zaidi, mkengeuko sanifu uwe 15. Wastani ni zile zile, 28 na 22, na jedwali la tasnifu litakuwa lile lile herufi kwa herufi. Lakini kosa sanifu la kila wilaya sasa ni 2.5, la tofauti ni 3.5, na masafa ya tofauti yanatoka kwenye 1.1 chini ya sifuri hadi 13.1 juu yake. Data haiamui. Nasisitiza neno hilo: haiamui. Haijathibitisha kwamba wilaya hizi zinafanana. Nimesoma tasnifu zisizo chache ambazo hugeuza kutoamua kuwa usawa, kisha hujenga sura nzima juu ya usawa huo.

Na kama wasimulizi wangekuwa 5 badala ya 36? Hesabu hii ilimshughulisha William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyekuwa akifanya kazi kwa sampuli ndogo za shayiri na kimea. Mwaka 1908 alichapisha jibu lake kwa jina la kupanga, "Student", yaani Mwanafunzi, kwa kuwa mwajiri wake hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Alionyesha kwamba sampuli ikiwa ndogo, mkengeuko sanifu wenyewe haujulikani vizuri, kwa hiyo masafa lazima yapanuliwe: kwa wasimulizi 5 si makosa sanifu mawili tena bali karibu 2.8. Watafiti wa lugha, ambao mara nyingi hurudi na wazungumzaji wanne au watano, wangefaa kumkumbuka Mwanafunzi huyu.

Nisieleweke vibaya. Si kila kazi ya isimu inahitaji wastani. Lyndon Harries alipochapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950 hakuhitaji kwenda kijiji hadi kijiji akitupa kura. Upatanisho wa ngeli haufanyiwi wastani. Mzungumzaji mmoja makini anaweza kukupa mfumo mzima. Ni pale tunapouliza "kwa kiasi gani" na "zaidi kuliko nani" ndipo tunapoingia katika nchi nyingine yenye sheria nyingine.

Uwanjani

Hesabu yote niliyoifanya inadai kitu ambacho hakionekani katika fomula: kwamba kila mtu wa kundi zima alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Mambo huharibika hapa, na huharibika kwa adabu. Mtafiti anafika kijijini, anajitambulisha kwa mtendaji, mtendaji anamwita mwenyekiti, naye kwa ukarimu anamletea "watu wanaokijua Kimwera vizuri". Wanaokuja ni wazee wenye ufasaha, wanaume wengi kuliko wanawake, na nyumba zao ziko karibu na ofisi ya kijiji. Hilo ni gunia lililochomwa juu. Kuongeza wasimulizi wa aina hiyo kutoka 36 hadi 360 kutapunguza kosa sanifu na hakutapunguza upotofu hata kidogo. Mtafiti atakuwa na uhakika mkubwa zaidi wa jambo lisilo la kweli. Dawa ni kuomba daftari la wakazi, kupanga kaya kwa namba, na kupiga kura. Kazi hiyo inachukua nusu siku, na mwenyekiti akielezwa vizuri haoni kwamba amevunjiwa heshima.

Msimu nao huchagua watu. Korosho huokotwa hasa kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na wakati wa kilimo kaya nyingi huhamia mashambani na kulala vibandani. Atakayepita vijijini siku hizo atawakuta wakongwe, wagonjwa na wenye maduka. Kama Nachingwea ilitembelewa Juni na Ruangwa Novemba, tofauti anayoipima inaweza kuwa tofauti ya Juni na Novemba.

Kisha kuna suala la vijiji. Wasimulizi 36 wa kijiji kimoja si sawa na wasimulizi 36 wa vijiji sita. Watu wa kijiji kimoja hufanana kwa usemi, kwa kuwa wanazungumza wao kwa wao. Msimulizi wa ishirini anaongeza machache juu ya yale uliyoyapata kwa wa kumi. Kwa hesabu ya kweli, 36 wa kijiji kimoja wanaweza kuwa na uzito wa watu wachache mno, na masafa niliyoyakokotoa juu yangekuwa finyu kupita haki. Ningechagua vijiji vingi na watu wachache katika kila kijiji, hata kama barabara ya kufika huko ni mbaya. Ofisi ya takwimu ya taifa hukabili suala hili hili: katika sensa ya mwaka 2012 dodoso refu lilitumika katika sehemu tu ya maeneo ya kuhesabia watu, kwa sababu kumwuliza kila mtu kila swali hakuwezekani.

Wanafunzi hupenda kuniuliza wahoji watu wangapi. Jibu hutegemea tofauti ndogo kabisa inayowajali. Turudi kwenye mkengeuko sanifu wa 15, na tuseme tofauti ya maneno 3 katika 100 ndiyo tunayotaka kuigundua. Ili makosa sanifu mawili ya tofauti yawe 3, kosa sanifu liwe 1.5, na hapo unahitaji wasimulizi 200 katika kila wilaya. Hata kwa idadi hiyo, tofauti ya kweli ikiwa ni 3, nafasi ya kuigundua ni kama nusu kwa nusu. Kupunguza kosa sanifu kwa nusu hudai sampuli ya mara nne. Masimulizi 400 ya kurekodi, kunukuu na kuhesabu mara mbili ni kazi ya miaka, na hakuna mwanafunzi wa uzamili atakayeimaliza.

Lakini kuna njia nyingine, nayo ni ya kuoanisha. Sehemu kubwa ya ule mtawanyiko wa 15 haitokani na wilaya. Inatokana na umri, elimu na malezi. Mpaka wa mwaka 1995 ulichorwa juu ya ramani, haukukata undugu. Tuseme unapata jozi 25 za ndugu wa tumbo moja, mmoja akiishi Nachingwea na mwingine Ruangwa, wanaokaribiana kwa umri na elimu. Unachukua tofauti ndani ya kila jozi, kisha wastani ya tofauti hizo. Kama mkengeuko sanifu wa tofauti ni 6, kosa sanifu ni 6 kwa 5, yaani 1.2, na wastani ya tofauti ya 3 itakuwa na masafa ya kama 0.5 hadi 5.5. Kwa masimulizi 50 umefika pale ambapo 400 yalikuwa yakiyumba. Sharti lake ni kwamba umebadilisha swali. Kundi zima si watu wa wilaya mbili tena, bali ni familia zenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na ripoti yako lazima iseme hivyo katika ukurasa wa kwanza. Wageni wa mjini Nachingwea, wajukuu wa vibarua wa karanga wasio na ndugu Ruangwa, hawamo ndani yake. Ukitaka kuwajua, itakubidi uwatafutie daftari lao na kura yao.